Tofali za Mama na Sheria ya Muda

Sheria ile niliichapa mimi. Nasema mapema kwa sababu ofisini kwetu, halmashauri, jambo likiharibika husemwa ni kosa la mchapaji, na mchapaji wa ofisi ni mimi. Jina lake lilijaza mistari miwili: Sheria Ndogo ya Muda ya Uratibu wa Makazi Rafiki kwa Mazingira. Nilipofika kifungu kinachokataza kuchoma tofali kwa kuni ndani ya mji "hadi uratibu utakapokamilika", vidole vilisita. Nilimkumbuka mama. Kisha nikaendelea kuchapa, maana mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

Mama yangu, mjane, anaishi Pito, pembezoni mwa mji, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeegemezwa magogo matatu. Kiangazi chote, na ule upepo wetu wa baridi unaopasua midomo, alikuwa akikanyaga udongo na kufyatua tofali za vyumba viwili. Zilikuwa zimekauka, zimefunikwa nyasi, zinangoja moto. Tofali isiyochomwa mvua ikiikuta hurudi kuwa tope, na hilo Ufipa nzima inalijua, isipokuwa ofisi yetu.

Alikuwa ameshapika pombe ya ulezi ili majirani waje kupanga tanuri. Barua ya katazo ilifika siku ileile pombe imeiva. Mwenyekiti wa mtaa aliisoma kwa sauti mpaka kwenye muhuri, watu wakatazamana, halafu mzee mmoja akauliza, "Pombe nayo imezuiwa?"

"Pombe haikutajwa," akasema mwenyekiti.

Basi wakainywa yote. Kwetu ukishakunywa pombe ya kazi una deni la jembe, hata kazi yenyewe ikiahirishwa, kwa hiyo waliondoka wakiwa wadaiwa.

Jumatatu nilimwendea afisa mratibu, mtu mpole aliyehamia kutoka Mbeya. Nikamwambia tofali za mama zitayeyuka mvua ikianza.

"Mama asihangaike," akanijibu. "Atapata tofali za kufungamana. Hazihitaji kuni hata kidogo."

Mashine ya kuzifyatua ilikuwepo kweli, uani, chini ya turubai. Ilimsubiri fundi, fundi alisubiri mafunzo, na mafunzo yalisubiri kikao cha kamati. Kikao cha kwanza kilikosa akidi. Cha pili kilijadili kwa nini cha kwanza kilikosa akidi. Mihtasari yote niliichapa mimi, nimeketi ndani ya jengo la tofali za kuchoma, tena zilizoiva barabara.

Mvua haikusubiri kikao. Ilinyesha wiki nzima, na nilipofika Pito nilikuta lile rundo limelainika na kulala chini, nyasi za kufunikia zimezama kwenye tope. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga kichwani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Uratibu bado, mwanangu?" Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mwezi uliofuata ukuta wa nyuma ulianguka pamoja na magogo yake, mama akahamia jikoni, akalala karibu na mafiga.

Februari wadaiwa walikuja na majembe. Tanuri hakuna, lakini pombe ilikuwa imeshanywewa, na Mfipa hanywi pombe ya mtu bure. Wakalilima lile tope la tofali pamoja na majani yaliyoota juu yake, wakayafukia ndani kama tufanyavyo, wakainua matuta ya duara, intumba. Mama akapanda maharage. Yakastawi kwa fujo.

Afisa mratibu alipopita kukagua utekelezaji, alisimama mbele ya yale matuta akafurahi kama aliyeokota ng'ombe. "Shikamoo mama! Bustani hii ndiyo roho ya sheria yetu!" Mama akaitikia marahaba, akapigwa picha. Mimi niliagizwa kuiandaa kwa ajili ya ubao wa matangazo, na kuandika chini yake: "Mkazi wa Pito akifurahia makazi rafiki kwa mazingira."

Mwezi Aprili mama alikuja mjini, ofisini kwetu, kuuliza kama sheria ya muda imekwisha. Ilikuwa imeongezwa muda. Akaiona picha yake ubaoni, akaisogelea, akaitazama kwa makini. Matuta yalikuwepo. Maharage yalikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwepo, anakunja macho kwa jua.

"Hapa nyuma yangu ulikuwepo ule ukuta ulioanguka," akasema, akigusa ukingo wa picha. "Nani kaukata?"

Afisa mratibu, aliyekuwa amesimama kando yetu, aliniangalia. Mkasi ulikuwa bado mezani kwangu.

"Karatasi ilikuwa ndogo, mama," nikamwambia.