Bomu Limeanguka Wapi

Wakubwa wa nchi walikuwa mbali, hotelini, wakijadili bunduki zetu kwa Kifaransa. Hakuna aliyewaambia habari za meza ya Orpha. Basi nieleze mimi Zubeda, niliyekuwa nikiuza vitenge hatua tatu kutoka pale, mtaani Bwiza, katika mji wetu wa kando ya ziwa.

Orpha alikuwa mjane kutoka Uvira. Mali yake ilikuwa simu moja ya mkononi, iliyofungwa kamba kwenye meza. Ukitaka kupiga, unalipia dakika zako. Ukipigiwa, anatuma mtu akuite. Mwaka 2003, mabomu yalipoanza kurushwa kutoka milimani, simu ile haikupoa. Kila aliyepiga aliuliza: limeanguka wapi? Kwetu swali hilo lilikuwa limeshakuwa salamu.

Jumatatu asubuhi alipiga kijana ambaye Orpha hakumjua. "Mama, mi ni Bonfils, niko Gitega. Mama yangu Béatrice anaishi hapo Bwiza, avenue ya tisa. Bomu imeanguka wapi?"

"Nyuma ya kanisa," Orpha akamjibu. "Avenue ya tisa iko muzima."

Dakika kumi hazikupita, la pili likaangukia upande wetu. Pascaline, wifi yake Orpha, aliyekuwa akisuka watu nywele kando ya meza ile, alikufa hapo hapo, chanuo mkononi.

Jioni watu wakanong'ona kwamba walioko milimani nao wana simu, na huuliza bomu limeanguka wapi ili lijalo walisogeze palipo na watu. Mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia Orpha, "Yule wa Gitega, una hakika alikuwa Gitega?" Kwenye mazishi ya Pascaline, Orpha hakulia. Alirudi mezani akawa anafuta vitufe vya simu kwa kitambaa, hivyo hivyo, mpaka giza.

Jumatano Bonfils akapiga tena. "Mama, ni mi wa juzi. Leo imeanguka wapi? Nimepata gari, nikuje?"

Orpha hakuwa ameuliza mtu yeyote. "Yote imeanguka mu ziwa," akasema. "Bakia huko huko."

Nilimsifu kwa kumpoteza. Najuta hadi leo.

Wiki mbili baadaye kijana mwembamba alisimama mbele ya meza, akasema yeye ndiye Bonfils. Jumatano ile asubuhi bomu lilikuwa limemkata mama yake miguu, avenue ya tisa. Béatrice aliishi siku tatu hospitalini, akimuita mwanawe. Bonfils alieleza taratibu, kama anasoma barua ya mtu mwingine. Hakuuliza kwa nini Orpha alimdanganya. Akaweka mezani karatasi yenye namba.

"Ni ya dada yangu, iko Kigoma. Hajajua bado. Mi nimeshindwa, mama. Umwambie we."

Orpha akabonyeza namba moja moja. Hata mimi niliisikia sauti ya mwanamke, yenye haraka, ikiuliza bomu zimeanguka wapi huko.

Orpha akamtazama Bonfils.

"Avenue ya tisa," akasema.