Fundi Pini na Kopo la Sukari

Fundi cherehani wa mtaani kwetu tunamwita Pini, kwa sababu pini hazimtoki mdomoni. Ukimfokea kwa kuchelewesha gauni lako, anakujibu "mm-mm" huku amezibana pini kwa midomo, nawe unaondoka hujui umeombwa radhi au umetukanwa.

Alipogundulika ana kisukari, alipewa vidonge na kuambiwa aache vitu vitamu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye sukari ikaanza kupanda, naye akazidi kukonda. Mkewe, ambaye angefaa kabisa kuwa askari, akakata shauri kwamba mume anakula vitamu kwa siri. Akalifungia kopo la sukari kabatini, ufunguo akauvaa shingoni.

"Baba watoto, unadokoa."

"Sidokoi. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo vipimo ndivyo vinavyosema uongo?"

Pini aliumia sana. Maradhi aliyavumilia, lakini kuitwa mwongo na mke anayempenda kulimnyima raha. Akawa anapunguza suruali zake tu. Naye hakati kitambaa ng'o! Hukikunja kwa ndani na kupiga mshono mpya kando ya ule wa zamani.

Siku ya kliniki mkewe alimsindikiza, nia yake kwenda kumshtaki. Daktari alikuwa mgeni pale, binti mpole. Alipotaka kumpima tumbo, suruali ikajikunja kiunoni, akaona ile mishono.

"Baba, mbona imeshonwa hivi?"

"Huu wa mwaka jana. Huu wa juzijuzi. Huu wa jana."

Daktari akamgeukia mke. "Kula anakula?"

"Anakula! Na sufuria anakomba."

Daktari akaagiza damu ipimwe upya, safari hii kipimo cha aina nyingine. Majibu yalipotoka, akawaita wote wawili.

"Hiki si kisukari tulichokidhani. Kinga ya mwili wako inalishambulia polepole kongosho linalotengeneza insulini, ndiyo maana vidonge vilifaa mwanzoni. Sasa insulini yako mwenyewe inakwisha. Hata ungekula nini, tungefika hapa tu. Unahitaji sindano."

"Sindano ninazo," Pini akasema. "Unataka ya mkono au ya mashine?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mkewe alianza kwa kucheka, akaishia kulia.

Siku hizi Pini anajidunga mwenyewe, na suruali anazifumua mshono mmoja mmoja. Daktari alimwonya kwamba insulini inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo awe na kitu kitamu karibu. Basi asubuhi moja tukiwa dukani kwake tunangoja nguo zetu, mkewe akaingia na lile kopo, akaliweka kando ya cherehani. Ufunguo shingoni haukuwepo.

"Ukitetemeka, lamba," akasema. "Sitakuuliza."

Pini akasimamisha mashine. Akazitoa pini mdomoni, zote, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, ndipo akamjibu.

"Asante, mke wangu."