Nusu ya Ndevu za Karani

Kinyozi aliyeitwa Mstari alipoanguka, alikuwa amemaliza shavu la kulia la karani wa posta na la kushoto hajaligusa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloulizia alipofumbua macho hospitalini, siku tatu baadaye. Hakumuulizia mkewe. Na mkewe, aliyekuwa amekaa pale pale kitandani, macho yamemvimba kwa kulia, hajalisahau mpaka leo.

"La kushoto je?"

"Moyo wako ulisimama," mkewe akamwambia. "Unanisikia, baba? Ulisimama kabisa."

"Nimesikia. La kushoto kamalizia nani?"

Hakuna aliyemalizia, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Ndani ya kibanda chake, juu ya kioo, alitundika kibao cha maandishi mekundu: MTEJA ALIYEANZWA NA FUNDI ATAMALIZIWA NA FUNDI. KWA AMRI. Alikitundika kwa ajili ya shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mzima mwenye watoto wanne, ambaye kwa miaka kumi na moja alifagia nywele, akachemsha maji na kukung'uta taulo. Wembe aliruhusiwa kuuosha tu. Mstari alikuwa bingwa, hilo halina ubishi, na jina lenyewe alilipata kwa jinsi alivyonyoosha ndevu za watu. Lakini kwa wembe wake alikuwa mchoyo kupindukia.

Sasa karani naye ni mtu wa maandishi. Miaka ishirini anapiga mihuri. Kwake kilichoandikwa kimeandikwa. Basi alirudi kazini na shavu moja safi na jingine kichaka. Vinyweleo vilipoanza kuchomoza kwenye lile safi, akawa anavinyoa mwenyewe nyumbani kila asubuhi, taratibu, na kukomea katikati ya kidevu.

"Si uvuke tu umalize na huku?" mke wa karani alimuuliza, beseni la maji mkononi.

"Huku si kwangu. Huku ni kwa Fundi. Mimi natunza alipofikia."

Mke wa karani aliweka beseni chini akaenda zake.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Posta watu walikaribia kushikana mashati. Waliopanga foleni upande wa mlangoni waliapa kwamba wamehudumiwa na kijana mtanashati. Wa upande wa dirishani walisema hapana, ni mzee wa ndevu, tena mkali. Bibi mmoja alimpa barua akamsihi ampelekee yule mwenzake, maana ndiye anayemwamini. Karani akaipokea kwa heshima, akageuza shingo, akaipiga muhuri.

Mstari alikuwa nyumbani anapona. Daktari alimwambia atembee, apunguze chumvi na asikasirike. Kutembea alitembea, chumvi akaipunguza, na kukasirika akajitahidi. Alichokificha ni mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Akishika kikombe, chai inamfika kifuani kabla ya mdomoni. Kwa hiyo aliuweka mfukoni, hata mezani, na kila aliyemuuliza atafungua lini alimjibu, "Wiki ijayo." Ndevu zake mwenyewe zilishuka mpaka kifungo cha kwanza cha shati, kwa kuwa hakuna mkono aliouamini kuzigusa. Shemeji yake alifungua kibanda kila siku, akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja, akafunga.

Mstari aliogopa, tusifichane. Kifo hakikumtisha, alishakionja na hakukumbuka kitu. Aliuogopa wembe.

Alhamisi moja karani akaja kubisha hodi.

"Fundi, mkuu wa posta kasema Jumatatu nije na uso mmoja, la sivyo nisije kabisa."

Mstari akatazama lile shavu safi, lilivyotunzwa kama shuka la mgeni. Ulimi ukamponyoka. "Kesho," akasema.

Kesho yake karani aliketi kwenye kiti, taulo shingoni, povu la sabuni upande wa kushoto. Shemeji alisimama nyuma na taulo la akiba. Mstari akatoa mkono mfukoni, akachukua wembe, na wembe ukaanza kugonga kikombe cha sabuni, ting'i ting'i ting'i, kibanda kizima kikasikia. Karani akafumba macho na kuinua kidevu.

"Karani, mkono huu huuoni?"

"Nauona."

"Na shingo umeniachia tu?"

"Kibao kimesema ni wewe."

Mstari akashusha wembe. Ndipo akauliza swali ambalo kwa miezi mitatu, akiwa ameshughulika na shavu, hakuwahi kuliuliza. "Siku ile nilipoanguka, nani alinishughulikia?"

"Karani," shemeji akajibu. "Alikukandamiza kifua."

"Ulijifunza wapi, karani?"

"Wapi! Nilipiga kama ninavyopiga mihuri barua za mwisho wa mwezi. Mikono ilipokufa ganzi, shemeji yako akapokea. Akichoka yeye, napokea mimi. Mpaka gari la wagonjwa likafika."

"Mlipokezana?"

"Tulipokezana."

"Bila kuniuliza?"

"Ulikuwa umekufa, shemeji," shemeji yake akasema kwa upole.

Mstari akatazama povu lililoanza kukauka kwenye shavu la karani. Kisha akanyoosha mkono ule ule unaotetemeka, akakigeuza kibao kikatazama ukuta, na kumkabidhi shemeji yake wembe.

Shemeji alinyoa shavu la kushoto kimya kimya, kama mtu aliyelinyoa kichwani mwake kila siku kwa miaka kumi na moja. Alipomaliza, Mstari akainama kutafuta kosa. Akatafuta chini ya sikio, akatafuta kidevuni pale pande mbili zilipokutana. Hakuliona, na ikamuuma, ikamuuma kweli.

"Umenyoosha," akasema. "Ilinipasa nikuruhusu zamani."

Karani akainuka akiwa na uso mmoja. Mstari akaketi mahali pake, kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia tangu akinunue, akaziinua zile ndevu zake juu ya taulo. Shemeji akampaka povu. Wembe ulipokaribia shingo ukasimama hewani.

"Mbona na wewe unatetemeka?"

"Naogopa, shemeji."

"Hata mimi," Mstari akasema, na kufumba macho.

Karani, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi ndani, akakunja mikono ya shati na kusimama karibu na kiti, endapo atahitajika.