Nilificha dawa ya kifafa ya mwanangu kwenye kichupa cha mafuta ya upako

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mimi ni fundi cherehani, niko Joburg, Afrika Kusini, mtaa wa Turffontein. Haya yamenikuta mwenyewe na Mungu ananiona, sijaongeza chumvi.

Binti yangu Neema ana miaka tisa. Kifafa kilimuanza mchanga, kile kikali. Dawa tatu na bado alikuwa anaanguka kila siku. Helmet kichwani hata wakati wa kula.

Mwaka jana daktari akasema tumuongezee dawa ya matone inaitwa CBD juu ya zile dawa zake. Mimi "sawa daktari, sawa". Kufika nyumbani nasoma kibandiko cha chupa (English ya evening class hiyo, msiidharau), nakutana na neno cannabis.

Eish. Bangi! Mimi, kiongozi wa maombi!

Nikampigia nurse. Akasema, "Mama, hii haileweshi. Ila usije ukanunua ya mtaani, na tutakuwa tunampima damu tuangalie ini."

Nikaanza kumpa. Lakini niliogopa macho ya akina mama wa kanisani, nikaihamishia kwenye kichupa cha mafuta ya upako nilichopewa kanisani.

Wiki za mwanzo alilala mno, chakula hataki. Nililia. Baadaye kuanguka kukapungua. Hakujaisha, nisiwadanganye. Ila siku moja nilimuita, yeye ambaye alikuwa hageuki akiitwa, akageuka, akanitazama: "What, Mama?"

Wenye watoto kama wangu mnajua hiyo "what" ina uzito gani.

Kanisani wakaona mabadiliko, na walishaniona nikimdondoshea mdomoni. Mama mchungaji akakiinua kichupa juu: "Upako unafanya kazi!" Vigelegele. Na mimi nikaitikia amen.

Jumapili moja nikamkuta Mama Ornella nje ya kanisa. Ni Mrundi, anasuka nywele Joubert Park, na binti yake Ornella naye ana kifafa. Kampakata mtoto, macho ya mtoto hayatulii.

"Dada, vidonge nimeacha tangu Jumatano. Nampa mafuta ya upako tu, kama wewe."

Wakuu, nikamshika mkono.

"Mama Ornella, mle kwenye kichupa changu ni dawa ya hospitali. Na vidonge vya Neema sijaacha hata siku moja."

Akanitazama. "Na zile amen zote?"

Tukakodi gari kwenda hospitali. Njiani Ornella alianguka mara mbili, kichwa chake mapajani mwangu. Hospitali wakamtuliza, wakamrudishia dawa zake. Yuko hai, Bwana asifiwe.

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele na chupa yenyewe ya hospitali, nikaeleza yote, nikasoma lile neno kwa sauti: cannabis, yaani bangi.

Mama mchungaji ndiye aliyesema wa kwanza: "Sasa kichupa chetu kirudishe leo leo, kabla sijampaka askofu bangi!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Mama Ornella hakucheka. Ila niliporudi kukaa, alisogea kwenye benchi akanipisha.

Nilichojifunza: maombi siachi, lakini aibu yangu ilitaka kumuua mtoto wa mwenzangu. Dawa ikae kwenye chupa yake, na usiache hata kidonge bila daktari.

Mnaolea watoto wa kifafa, nyie mliwaambiaje watu wenu? Semeni hapa, hata matusi nitasoma.