Nyuma ya Zizi la Mzee Marwa

Rafiki zangu, sijamwambia mtu mwingine: leo nimemdanganya balozi wa nyumba kumi, naye akanisifu.

Mnakumbuka kitabu cha mafundisho ya Buddha alichoniachia yule mwalimu mgeni? Kinasema ukae kimya kila siku, uhesabu pumzi hadi kumi, kisha uanze upya. Kinasema pia uchague fadhila moja ya kushika kila wiki; wiki hii nilichagua kusema kweli.

Lakini tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, nyumba zimebanana. Nafasi tulivu pekee ni nyuma ya zizi la jirani yetu, Mzee Marwa; huko ndiko ninakokaa kila asubuhi na kuhesabu kwa kunong'ona.

Leo asubuhi nafumbua macho, Mzee Marwa huyo hapo na rungu. Balozi yuko nyuma yake.

"Anahesabu ng'ombe wangu! Kila siku kumi, kumi! Nani amekutuma?"

(Kumbe ng'ombe wake ni kumi. Sikujua!)

Mnajua hapa kwetu anayewapelelezea wezi wa ng'ombe hufanywa nini.

"Shikamoo, baba. Nilikuwa nasali rozari."

"Rozari yenyewe iko wapi?" Mzee Marwa aliuliza.

"Nahesabia vidole."

Balozi akacheka. "Marwa, mtoto anasali, wewe unaona wezi! Binti, Jumapili utatuongoza rozari kanisani."

Mimi! Niliyeshindwa hata kuitikia jina darasani!

Mzee Marwa hakucheka. "Nitakaa benchi la mbele," alisema. "Nimsikie vizuri."

Nimwendee balozi nimwambie kweli, au nijifunze kuongoza rozari? Andikeni chini ya karatasi hii. Wasiione wengine, na mama yangu zaidi.