Fundo la Msumarini

"Mama Jumwa, hilo fundo umelifungua wewe?"

Bi Mishi aliuliza akiwa upande wake wa ua, ndoo ya maji iko miguuni. Hakuuliza kwa shari. Bi Mishi hana shari, ni mama mwenye dini yake, na ni jirani wa Dama tangu watoto wao walipokuwa wakigombea kifuu kimoja cha kuchezea mchanga. Aliuliza kwa sababu macho yake yaliangukia kamba ya nguo, akaiona tai ya Mzee Mwero, mume wa Dama, inaning'inia imenyooka, inachuruzika maji. Na watu wote wa upande ule wa Bongwe walijua kuwa tai ile haifunguliwi.

Dama alikuwa na povu hadi viwikoni. Akaitazama tai.

"Nimelifungua mimi," akasema. "Lilikuwa limeshika taka, Bi Mishi. Nikasema harusi ni Jumamosi, mzee atavaaje tai yenye jasho la zamani mbele ya wakwe?"

Bi Mishi aliitazama tena kamba. Kisha akainua ndoo yake, akasema polepole, "Haya. Mungu ni mwema."

Ni namna alivyosema Mungu ni mwema ndiyo iliyomtia Dama baridi. Hivyo ndivyo watu husema wakija kuhani msibani.

Mzee Mwero alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja kule Diani. Kila alfajiri, miaka nenda miaka rudi, alisimama mbele ya kioo cha kabati akaifunga tai yake ya rangi ya zambarau iliyokolea. Dama hakuwahi kumtazama akiifunga. Wakati ule yeye huwa jikoni, amempa mgongo, anageuza mahamri ya kuuza barabarani. Humsikia tu akikohoa kidogo na kusema, "Haya, niko tayari," na akigeuka humkuta mumewe amekamilika, fundo limekaa kooni limetulia. Ulikuwa mkono wenye adabu, mkono ule.

Basi siku moja mzee akarudishwa nyumbani kwa pikipiki kabla ya saa za kazi kwisha, amekaa katikati ya watu wawili ili asianguke. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na mdomo umevutwa upande mmoja. Kiharusi. Dama alimvua shati kwa mkasi, lakini tai aliipitisha juu ya kichwa vile vile ilivyofungwa, akaitundika kwenye msumari juu ya kitanda.

Ikabaki pale. Mzee alipata nafuu, akaweza kwenda na fimbo, akaweza kusema, ingawa maneno yake nayo yalikuwa yakiburuta mguu. Mkono haukurudi. Hakuna aliyeamrisha fundo lisiguswe, ila asubuhi mzee akiamka ndilo alilotazama kwanza, na wageni wakija huwaonyesha kwa kidevu.

"Lile ni la mkono wangu mwenyewe," huwaambia. "La mwisho."

Jumwa, binti yao, alipochumbiwa na Muasya, kijana wa wale wakulima wa Kikamba wenye mashamba nyuma ya Kombani, watu waliuliza mzee anataka nini. Suti mpya? Gari la kumpeleka? Mzee akasema hataki chochote, anataka tu kumwingiza mwanawe kanisani kwa miguu yake, na shingoni amevaa fundo lake.

Hilo fundo ndilo Dama alilolifungua kwa sabuni na vidole, bila kuwaza, kama afunguaye leso.

Alipokuwa akizisuuza nguo zilizobaki, kisa cha bibi yake kikamjia, wala hakukiita. Bibi alikuwa akiwasimulia kwamba zamani mtu akisafiri alimwachia mkewe kamba yenye mafundo. Kila jua likichwa, mke anafungua fundo moja, na la mwisho likifunguka, mume yuko njiani karibu na nyumba. Babu alikwenda upande wa Tanga na ng'ombe. Bibi akafungua, akafungua, akafika la mwisho. Babu hakuja. Bibi akasema laiti angeliacha lile moja, huenda bado kungekuwa na siku ya babu kurudi.

Dama ni mtu wa kanisa. Anajua mambo ya kamba na mafundo si mambo ya mwenye kumtegemea Bwana. Aliomba pale pale, mikono yake ndani ya beseni. Lakini baridi haikumtoka.

Mzee aliuona msumari mtupu kabla hajaambiwa.

"Iko wapi?"

"Nimeifua, Baba Jumwa."

"Na fundo?"

Dama aliitazama mikono yake. Mzee akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki wake. "Si kitu. Kitambaa hicho." Kisha akageukia ukutani, na uji wa siku ile ukapoa hadi ukafanya ngozi juu.

Tangu hapo mambo yakaanza kuteremka. Jumatano mzee alisema mguu wake unahisi maji ya baridi, na mguu ulikuwa mkavu, umefunikwa. Alhamisi fimbo ilimponyoka akaanguka mlangoni mwa choo, asiumie, ila alipoinuliwa aliwauliza wanaomwinua walikuwa nani, na mmoja wao alikuwa Jumwa. Mara hali ile ikampitia, akamtania mwanawe, "Nilitaka kuona kama utajitambulisha kwa jina la mume." Wote wakacheka. Dama alicheka nao, kisha akaenda jikoni akasimama na kifuniko cha sufuria mkononi, asijue alitaka kufunika nini.

Sasa tai ifungwe na nani? Kina Muasya wana wafunga tai wengi, lakini ni aibu kumpelekea mkwe shingo tupu siku ya kutoa binti. Hapo Bongwe, mtu mmoja tu ndiye aliyejulikana kwa kazi hiyo. Kenga. Na Kenga kazi yake ni kuvisha maiti katika chumba cha kuhifadhia wafu.

Hakuitwa. Alikuja mwenyewe Ijumaa baada ya kusikia habari, shati lake jeupe, kucha zake safi mno.

"Hodi hapa. Shikamoo mama, shikamoo mzee."

"Marahaba, Kenga. Karibu," akasema mzee. "Umekuja kunipima?"

"Ah, mzee! Nimesikia tai imefunguka, nikasema nije kusaidia. Mimi tai nafunga kila siku. Na sijapata kusikia mtu akilalamika."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Dama hakucheka.

Mzee akasimama, ameshika ukingo wa kitanda. Kenga akaipitisha tai shingoni mwake, akazungusha, akavuta. Fundo likatoka limegeuka, mshono nje. Akafungua, akarudia. Safari hii ulimi wa tai ukafika kifuani tu. Jasho likamtoka Kenga kwenye mdomo wa juu. Alirudi nyuma hatua, akamtazama mzee kwa jicho la fundi, kisha akatazama kitanda.

"Ajabu hii. Mzee, samahani lakini, ungelala kidogo? Chali. Mikono yangu imezoea mtu aliyelala."

"Ungesema mapema," akasema mzee kwa upole wake, akaanza kugeuka ili alale.

"Mzee halali!"

Sauti ya Dama ilimshtua hata mwenyewe. Kuku waliokuwa mlangoni walitawanyika. "Baba Jumwa, simama hapo hapo. Usilale." Akaichukua tai kutoka mikono ile safi. Ilikuwa ya baridi, ama ilikuwa mikono yake. "Ahsante, Kenga mwanangu. Chai iko pale, unywe. Tai nitaifunga mimi."

"Kwani mama waijua?"

"Nitaijua."

Ndivyo Dama alivyoanza kujifunza mchana ule, mambo ya harusi yanamngoja, kuku hawajachinjwa, mchele haujachaguliwa mchanga. Aliusimamisha mtungi wa maji barazani, akauvisha tai shingoni. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha ukindu akamfundisha kwa mdomo.

"Upande mpana ushuke kuliko mwembamba. Zaidi. Haya, ukatishe juu ya mwembamba. Uzungushe nyuma. Urudishe mbele. Sasa upenyeze chini, utokee kooni, kisha uushushe ndani ya kitanzi."

"Usiseme kitanzi."

"Niseme nini nawe? Ndani ya pete."

Alifunga na kufungua. Kila mara alipofungua alihisi kisa cha bibi kikipumua nyuma ya shingo yake, akaharakisha kufunga tena. Jumwa na Muasya walikuja wakapita, hakuwasikia.

Bi Mishi alileta sinia za kuazimisha, akasimama akitazama mtungi uliovaa tai. "Mtungi umekuwa karani," akasema. Kisha akaketi ngazini. "Mama Jumwa, kuna jambo siku zote nataka kuuliza. Sisi maiti wetu akishalazwa kaburini, wale wanaomlaza humfungua vifundo vya sanda. Haachwi amefungwa. Nyinyi mtu wenu mnamfukia na tai imekaza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," akasema Dama, bila kuinua macho.

"Maskini. Shingo yote ile, hadi Kiyama."

"Bi Mishi," mzee akasema kutoka kitini, "hapa kuna harusi kesho. Huna hadithi ya harusi?"

Bi Mishi akajipiga mdomo kwa kiganja, akaomba radhi, wakacheka. Lakini Dama alimwona mumewe baada ya pale. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto, ule mzima, akiupitisha taratibu ndani ya ukosi wa shati lake, huku na huku, kama apimaye nafasi.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa likipiga honi barabarani, na ndani ya chumba mzee amevaa suti, amesimama, anayumba kidogo kama mnazi mchanga. Dama alisimama mbele yake, akafunga kama alivyoufunga mtungi. Lakini mtungi haupumui, wala haumezi mate. Mara ya kwanza fundo likalegea. Mara ya pili likawa donge. Honi ikalia tena. Paji la mzee lilikuwa limeanza kung'aa kwa jasho na rangi ya midomo yake haikumpendeza Dama.

"Mama Jumwa," akasema mzee kwa sauti ya chini, "nilale?"

"La."

Akamzunguka. Akasimama nyuma yake, akakanyaga kigoda, akapitisha mikono yake miwili mbele ya mabega ya mumewe, kidevu chake kikamgusa sikio. Wote wawili wakatazama kioo kile cha kabati. Sasa mikono iliyokuwa mbele ya kile kifua ingeweza kuwa mikono ya mzee mwenyewe.

"Katisha," akasema mzee. "Zungusha. Rudisha. Penyeza. Shusha."

Fundo likakaa. Lilipinda kidogo kushoto, lakini lilikaa. Dama hakuondoa mikono mara moja. Chini ya viganja vyake aliusikia moyo wa mumewe unakimbia, unasimama, unasikiliza kitu, unakimbia tena.

"Haya," mzee akakohoa, akasema kama zamani. "Niko tayari."

Na alimwingiza Jumwa kanisani. Watu wanasimulia hadi leo jinsi mguu ule ulivyoburutwa juu ya sakafu na jinsi hakuna aliyethubutu kumshika. Akina mama wa Kikamba walipiga vigelegele, Bi Mishi nje ya mlango akajibu vya kwao. Dama hakuuona uso wa binti yake siku ile. Macho yake yalikuwa kwenye fundo, akiomba lisishuke kabla mzee hajafika mbele. Halikushuka.

Waliporudi jioni, nyumba ilikuwa na ule ukimya wa nyumba iliyotoa mtoto. Mzee akaketi kitandani. Dama aliishika tai ili aipitishe juu ya kichwa na fundo lake, aitundike msumarini. Hilo alikuwa ameliamua tangu kanisani: fundo hili haliguswi na mtu tena.

Mzee akamshika mkono kwa ule wake mzima.

"Usiitundike. Ifungue."

"Siifungui, Baba Jumwa. Nimefungua mara moja, nimeona."

"Umeona nini? Umeona nimemtoa binti yangu." Alimvuta akae. Mkono wake ulikuwa na ile baridi ya Jumatano, sasa imepanda kutoka mguuni. "Ifungue sasa, na kesho asubuhi unifunge. Na kesho kutwa. Mpaka mikono yako isiniulize tena."

Dama akaelewa ni kwa ajili ya siku gani. Machozi yakamjaa, lakini hakujifanya hajaelewa, maana wameishi pamoja muda mrefu mno kwa mambo hayo. Akaanza kulegeza fundo kwa vidole viwili. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, kisha akasema kile alichokuwa akikitafuta tangu barazani:

"Siku hiyo Kenga asiniguse shingo. Nifunge wewe, watu wanione. Halafu kabla hawajaweka kifuniko, uilegeze."