Chakula cha Kapiteni

Nina miaka thelathini na saba na goti moja zima. La pili nimeliacha kidogo kidogo kwenye saruji ya uwanja wetu wa Mudzipela, kwa sababu timu yetu ya basketi ya wanawake haina meneuse, yule mchezaji wa kupandisha mpira na kuwapangia wenzake. Asipokuwepo mwenye kazi hiyo, kapiteni ndiye anayejitwika. Kapiteni ni mimi. Sikuomba. Nilibaki tu, wenzangu walipoolewa na kuacha mpira mmoja mmoja.

Mwaka huu ilibaki nafasi moja kwenye orodha yetu ya wachezaji kumi na wawili, na orodha ilitakiwa kupelekwa Jumamosi. Tulikutana watatu nyuma ya duka la rais wa timu, muuza misumari na mabati: yeye, kochi, na mimi. Kochi ni mwalimu mzee ambaye hata kanisani huenda na filimbi shingoni. Alitaka tumchukue binti wa miaka kumi na saba aliyekuwa amefanya mazoezi nasi wiki tatu, meneuse wa mkono wa kushoto. Rais hakutaka kusikia. Alisema katika misimu miwili tumechukua mameneuse wadogo wawili, tumewafundisha, wametuacha. Kumchukua wa tatu ni kujitafutia aibu kwa makusudi. Yeye alikuwa amemwona mama mmoja wa Irumu anayeleta mihogo sokoni, mrefu, anayefikia rafu ya juu ya duka bila kupanda kiti. Nikamuuliza kama huyo mama amewahi kushika mpira. Akajibu kwamba mpira atafundishwa. Nani atamfundisha hakusema, ila wote wawili waliniangalia mimi.

Kura zikawa moja dhidi ya moja, ikabaki yangu. Kochi akanigeukia.

"Weye njo utaamua," alisema. "Weye njo utaenda kula kwabo."

Binti aliye chini ya miaka kumi na minane hachezi bila mkubwa wake kusaini karatasi, na wazazi wa kwetu hawasaini ovyo. Wanaogopa bukta, wanaogopa wanaume wanaosimama kando ya uwanja, wanaogopa jioni. Kwa hiyo, tangu kabla yangu, kapiteni huenda mpaka nyumbani, hukaa, hula walichopika. Ukishakula umekubali: mtoto yuko mikononi mwako, utamrudisha kabla ya giza, na likimpata jambo wewe ndiye utakayeulizwa. Hakuna anayeyasema maneno hayo. Sahani ikishaondolewa, baba au mama anaomba kalamu, basi. Nimekula katika nyumba kumi na moja. Nimekula sombe, yale majani ya mihogo, nimekula samaki wa ziwani, na mara moja nimekula kuku niliyejua fika kwamba hawakuwa na mwingine.

Meneuse wetu wa kwanza alikwenda Kisangani kusoma. Huyo simlaumu, bado ananitumia picha. Wa pili ndiye wa kuku. Mama yake anauza nyanya safu mbili kutoka meza yangu ya vitenge pale sokoni. Miezi mitano baada ya mimi kula kwake, binti aliondoka asubuhi na gari la machimboni, akimfuata mwanamume anayenunua dhahabu. Alikuwa na begi la mazoezi begani, kwa hiyo kila aliyemwona alidhani anakuja uwanjani kwangu.

Mama hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Kila asubuhi ananisalimia, anaulizia watoto wangu, halafu anauliza, "Hakuna habari?" Nasema hakuna. Anarudi kwenye nyanya zake. Ni zaidi ya mwaka sasa. Niliwahi kujaribu njia ya nyuma, yenye matope, lakini nayo inatokea palepale alipo.

Kwa hiyo nilikuwa nimechoka, na sioni haya kulisema. Mpira haukuwa umenichosha, hata kufundisha kulikuwa hakujanichosha. Nilichoka kuwa mama wa watoto wa watu. Nikapanga hila yangu ndogo: nitakwenda kwa huyo binti, sahani ikija nitasema tumbo linanisumbua, na jambo litakuwa limekufa bila mimi kupiga kura ya hapana mbele ya mtu yeyote. Ni hila ya mwoga, najua. Nilipanda pikipiki Ijumaa alasiri nikiirudia kichwani, tumbo, tumbo, mpaka nikakaribia kuumwa kweli.

Walikuwa wakiishi mtaa wa Bigo, yeye na mama yake mdogo, tangu walipokimbia vita vya upande wa Beni. Binti alinipokea barabarani. Ni mwembamba, anatembea haraka, halafu anakumbuka kukusubiri. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha kucheza kwa mkono wa kushoto.

"Kaka yangu, yaya," alijibu, akiniita kama dada yake mkubwa.

Hakusema kaka yuko wapi, nami sikuuliza. Ukikaa na watu waliotoka kule unajifunza maswali ya kuyaacha.

Mama mdogo alinipa kiti kimoja kilichokuwepo, yeye akakaa kwenye katoni ya sabuni anazouza. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za biashara. Nikasubiri sahani. Nilikuwa nimeshaweka mkono tumboni, tayari. Sahani haikuja. Kumbe hakuujua utaratibu wetu, na hakuna aliyemwambia. Alimtuma binti maji, na alipohakikisha amekwenda, akasogeza katoni karibu.

"Mama, mi sikuombi umurudishe mbiyo," alisema. "Tangu tulitoka kule, huyu mutoto hapati usingizi. Anakaa tu, anasikiliza mulango. Ile siku ya kwanza alienda kucheza na benzake, alirudi amechoka, akalala mupaka asubuyi. Mi nilikaa namuangalia, nikalia. Naomba umuchokeshe tu."

Kisha akanyoosha mkono akaomba karatasi asaini.

Nilikasirika. Nilimkasirikia kochi, nikamkasirikia rais na yule mama mrefu wa mihogo, nikamkasirikia hata huyu mwanamke aliyeomba kitu kidogo namna hiyo. Miaka miwili namwomba Mungu jioni moja tu nisiyochoka, na hapa mtu ananiomba uchovu kwa ajili ya mtoto wake. Na mlango ulikuwa wazi kwangu. Sijala, sijaahidi. Ningeweza kumpa karatasi, akasaini, na likitokea lolote asingekuwepo wa kuniuliza, maana hakujua kwamba anayo haki hiyo.

"Bado," nilimwambia. Kisha nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Leo mulipika nini?"

Aliona haya. Akasema ni maharagi ya saa sita tu, yamepoa, na bugali kidogo. Angejua ninakuja kula angetafuta kitu. Nikamwambia alete hayohayo. Binti alirudi na kidumu chake cha maji akanikuta nimekunja mikono ya blauzi. Nikamwelekezea viganja. Akaelewa, akaweka beseni chini, akanimwagia polepole. Nilikula yote, nikafuta na sahani, na nilipomaliza nilimweleza mama mdogo nilichokuwa nimekula, yaani ahadi yenyewe, neno kwa neno, kitu ambacho hatujawahi kukisema katika nyumba yoyote. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu. Akasaini.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa nyanya, kabla hajasikia kwa watu. Nilimwambia jana nimekula Bigo, tumemchukua meneuse mwingine, mtoto. Alikuwa anapangusa nyanya kwa kitambaa. Aliipangusa ile, akachukua nyingine.

"Ulikula muzuri?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Hata kwangu ulikulaka muzuri," alisema. Hakusema kwa ubaya. Akaniulizia watoto wangu, kisha akauliza kama hakuna habari, nikasema hakuna, nikaenda kutandaza vitenge.

Saa kumi binti alikuwa uwanjani kabla yetu sote. Nilimkimbiza mpaka akainama akashika magoti, nikamkimbiza tena. Jua lilipoanza kushuka nilimwambia achukue begi lake, nami nikamsindikiza kwa miguu mpaka Bigo, goti likiniuma kila hatua, hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kuongea. Mlangoni aliniaga, akaingia. Nilisimama nje mpaka niliposikia komeo likifungwa, na hata baada ya hapo nilisimama kidogo.